Siku Moja Maishani Mwangu: Minyoo ya Udongo, Njoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi ya Njoro, hapa Kenya, inauma vidole, lakini chai itangoja: kazi yangu ni kupima minyoo kwenye udongo wa wakulima. Sahani zangu sita zimelala na maji tangu juzi. Kila moja ina chujio, juu yake karatasi ya tishu, na juu ya tishu nimetandaza udongo wa shamba la mtu. Minyoo duara ni viumbe vyembamba kama nyuzi, vya kutazamwa kwa hadubini. Iliyo hai hujipenyeza kwenye tishu ikashuka majini. Iliyokufa hubaki na udongo wake. Ndiyo maana nawasihi wakulima wasiache mfuko wa udongo juani. Minyoo ikifa njiani, sahani itaonyesha shamba safi, na mwenyewe atapanda akiamini hivyo.

Saa mbili. Mama mmoja kutoka eneo la Bahati ameshuka matatu na mche wa nyanya uliofungwa gazetini. "Daktari, hii inanyauka na maji naipa kila jioni." Naosha mizizi kwenye karai. Imevimba vinundu vilivyoshikana kama tangawizi. Anauliza kama si vile vya maharagwe vinavyoleta rutuba. Nampa akwangue mwenyewe: kinundu cha maharagwe hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha, lakini hapa ni mzizi wenyewe uliovimba. Nakipasua kwa wembe chini ya hadubini, natoa jike jeupe lenye umbo la kibuyu. Halitembei tena, kazi yake ni kufyonza mzizi na kutaga mamia ya mayai ndani ya ute.

"Huyu mdogo hivi ndiye amemaliza nyanya zangu?"

Kuna muuzaji amemshauri amwage dawa inayoua kila kiumbe udongoni. Namwomba, mama, ngoja kwanza nihesabu minyoo ya udongo ulioleta juzi.

Saa tatu mpaka saa saba nimeinama kwenye hadubini, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Tone moja la maji linajaa nyuzi zinazojipinda. Mnyoo duara hana misuli ya kuzunguka mwili kama nyungunyungu, ana ya urefu tu, na mwili wake umejaa maji yaliyobanwa. Kwa hiyo hawezi kujivuta na kujifupisha, bali hujipinda kushoto na kulia. Natazama midomo. Mwenye sindano mdomoni hudunga mimea, ingawa wengine hudunga kuvu. Mwenye bomba wazi hula bakteria. Mwenye jino ni mwindaji, na leo nimemwona mmoja mnene, mnyoo mwenzake bado anaonekana tumboni mwake.

Wala bakteria ndio wengi katika sahani ya mama huyu. Bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko anayoihitaji mnyoo, basi ziada huitoa kama amonia, na mizizi ya mimea huichukua. Hao ni wafanyakazi wake, na ile dawa ingewamaliza pamoja na adui. Inaniuma kwamba neno "minyoo" linawaweka wote kapu moja. Watafiti hukadiria kwamba kati ya kila wanyama watano wa nchi kavu, wanne hivi ni minyoo duara. Wengi wao hawajawahi kugusa mmea wa mtu.

Saa saba, githeri.

Saa nane anapiga simu mzee wa Molo. Udongo wake ulitoa vibonge vya kahawia, vidogo kuliko punje ya wimbi. Ni minyoo ya viazi, iliyoripotiwa Kenya mwaka 2015. Kila kibonge ni mwili wa jike aliyekufa, mamia ya mayai ndani, na yanaweza kungoja hata miaka 20 mpaka yanuse mzizi wa kiazi. "Kwa hivyo nisipande viazi?" Hapo si msimu huu, mzee, wala ujao. Weka mahindi, weka maharagwe, na uoshe jembe na gamubuti kabla ya kuvuka kwenda shamba lingine. Ananyamaza kwa muda, kisha anauliza bei ya mbegu ya maharagwe.

Saa kumi namwandikia mama wa Bahati: ang'oe mizizi yote aichome, aweke samadi iliyoiva, apande nyanya za aina inayohimili minyoo hii, na akienda kununua miche achomoe mmoja atazame mizizi kabla ya kulipa. Dawa ile, hapana.

Saa kumi na moja na nusu naosha chujio, natandika tishu mpya, natandaza udongo uliofika leo kutoka Subukia. Namimina maji polepole pembeni mwa sahani mpaka yaguse udongo kwa chini, kisha naandika tarehe.