Helikopta juu ya ghorofa Kigoma: mambo ya kukamilisha kabla ya kumwaga zege

Mwenye jengo akishapata wazo la helikopta kutua juu ya paa lake, mara nyingi anaanza kwa kumwita mhandisi aje aangalie slabu. Huko ni kuanzia mwisho. Slabu huimarishwa na nguzo huongezwa, lakini mnara wa simu uliosimama mita 300 kutoka kwako huwezi kuung'oa, na kilima kilicho nyuma ya mji ndiyo kabisa. Kibali cha kutulia helikopta hupatikana au hukosekana kwenye njia za angani, ya kuingilia na ya kutokea, na hayo hujulikana kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Kila hesabu huanza na herufi moja, D. Huo ni urefu wa helikopta nzima mapanga yakizunguka, kutoka ncha ya panga la mbele hadi ncha ya nyuma kabisa. H125, ambayo ni ya injini moja, ina D ya karibu mita 13. H145 yenye injini mbili ina D ya mita 13.6 hivi na uzito wa kuruka unaofika tani 3.8. AW139 ina D ya mita 16.7 na uzito unaozidi tani 6. Chagua ndege kwanza, maana D yake na uzito wake vitaandikwa kwenye michoro, kwenye barua za maombi, na mwishowe kwa rangi juu ya paa lenyewe.

Hapo kwenye kuchagua ndipo wengi hunaswa. Mtu anapanga H125 kwa sababu ni nafuu kuikodi na ni nyepesi, halafu anakuta haikubaliki. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaitaka helikopta ya injini moja ipite mahali ambapo injini ikizimika rubani anaweza kushuka bila kuua mtu. Juu ya Mwanga au Gungu, kata za mji wa Kigoma, nyumba zilivyobanana, mahali hapo hapapo. Paa lililo katikati ya makazi linadai ndege ya injini mbili ambayo injini moja ikifa wakati wa kupaa, ile iliyobaki inaweza kuiondoa salama au kuirudisha palepale. Kwa hiyo piga hesabu zako kwa H145 au inayofanana nayo.

Kwa D ya mita 13.6, sehemu ngumu inayoguswa na miguu isipungue mara 0.83 ya D, yaani mita 11.3. Eneo ambalo rubani anamalizia kukaribia na kuanzia kupaa lisipungue D moja, na kitabu cha ndege yenyewe kinaweza kudai zaidi. Kuzunguka eneo hilo unaongeza ukanda wa usalama wa mita 3 au robo ya D, lolote lililo kubwa. Hapa ni mita 3.4. Jumla ni mita 20.4 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukanda huu wa nje si lazima uwe zege, unaweza kuning'inia hewani nje ya ukuta, ila usiwe na kitu kilichosimama: tangi la maji, dishi, paneli za sola, mlingoti wa radi, hata ile kamba ya kuanikia nguo ambayo mlinzi ameifunga mwenyewe. Kwenye viwanja vingi vya katikati ya mji, jengo lenyewe ni jembamba kuliko mita 20.

Sasa njia za angani. Kinachotakiwa ni njia mbili zinazoachana kwa pembe isiyopungua digrii 135, ili upepo ukigeuka rubani awe na pa kuingilia. Kila njia ina sakafu yake ya kufikirika inayoanzia kwenye ukingo wa ukanda wa usalama na kupanda kwenda nje. Mteremko wenye masharti magumu zaidi ni wa asilimia 4.5: kila ukienda mita 100, sakafu inapanda mita 4.5. Kitu chochote kinachotoboa sakafu hiyo ni kizuizi.

Tuseme paa liko mita 15 juu ya ardhi, jengo la ghorofa nne hivi, na mnara wa simu wa mita 40 umesimama mita 300 mbele kwenye ardhi tambarare. Sakafu ya njia hapo imepanda mita 13.5 tu, jumla mita 28.5 kutoka chini. Mnara unaipita kwa mita 11.5. Njia hiyo imekufa, itafutwe nyingine. Na Kigoma si tambarare. Mji unapanda kutoka ziwani, kwa hiyo ukielekea bara ardhi yenyewe inaifuata sakafu kwa nyuma na mara nyingine inaipita, hata pasipo mnara. Mpimaji aliyesajiliwa apime vimo vya minara, miembe, nguzo za umeme na matangi yaliyoinuliwa, si kwa kukadiria wala kwa picha za satelaiti. Kreni ya ujenzi ya muda nayo huhesabiwa. London, tarehe 16 Januari 2013, helikopta ilipiga kreni ya jengo lililokuwa likijengwa huko Vauxhall, wakafa watu wawili.

Jibu rahisi la Kigoma linaonekana kuwa njia ya juu ya maji: ziwani hakuna mnara. Ni kweli, ila angalia upepo. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki hutoka nchi kavu, na mchana ziwa nalo huvuta upepo wake kuja bara. Helikopta hupenda kutua na kupaa ikiukabili upepo. Njia moja ya ziwani haitoshi, na ile ya pili lazima ipite juu ya mji au sambamba na ufuko. Chukua takwimu za upepo za mwaka mzima kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha ujue kwamba upepo wa juu ya paa si ule wa uwanjani: kwenye kona ya jengo hupinda na kuzunguka, hasa pakiwa na chumba cha ngazi au cha lifti kilichojitokeza. Usiku lipo jambo la ziada. Taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa kwenye maji meusi hufanana na nyota, na rubani asiye na mstari wa upeo wa macho hukosa kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kama huna sababu kubwa ya kutua usiku, omba kibali cha mchana peke yake.

Joto na kimo vinakula nguvu za injini. Kiwanja cha ndege cha Kigoma kiko mita 820 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama iliyo kwenye kimo cha mita 1,560. Wa Tabora wana kazi zaidi: mji wao uko karibu mita 1,190, na joto la Oktoba la nyuzi 32 huifanya hewa iwe kama ya mita 2,090. Uzito ambao ndege inaweza kuinua injini moja ikiwa imezimika hupungua sana. Hesabu ya mzigo ifanywe kwa siku hiyo ya joto, isifanywe kwa asubuhi ya Julai.

Mlolongo wa vibali unaofanya kazi ni huu. Anza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa maandishi, ukiwa na koordineti za jengo, kimo cha paa, aina ya ndege na mchoro wa njia mbili. Kiwanja cha ndege kiko ndani ya manispaa, kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuulizwa: je, jengo lenyewe linaingia kwenye anga la kiwanja, ambalo huwa na dari ya mita 45 linaloweza kufika kilomita 4 kuzunguka, na je, njia zako zinakatiza njia za ndege zinazotua? Jibu la barua hii ndilo linalobeba mengine yote. Ukianza na halmashauri bila barua hiyo, afisa mipango miji atakurudisha hukohuko, na miezi imekwisha.

Baada ya hapo soma hatimiliki. Ikisema biashara na makazi, matumizi ya kutulia helikopta hayamo. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka ya upangaji ni Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na maombi ya kubadili matumizi hupita ofisi ya mipango miji, tangazo kwa majirani, kisha kamati ya madiwani. Tangazo lisiwe la kuficha. Majirani walio chini ya njia za angani, hata wakiwa mtaa wa tatu, waitwe kwenye kikao cha mtaa waonyeshwe ramani, waambiwe safari ngapi kwa wiki na saa ngapi. Pingamizi linalotolewa mapema hujibiwa kwa kubadili saa au kusogeza njia. Likitolewa baada ya ujenzi linajibiwa mahakamani.

Na wana haki ya kuuliza. Helikopta ya tani 2 na ushee ikiwa imeelea husukuma hewa chini kwa kasi inayofika mita 20 kwa sekunde. Mabati ya geji 32 yaliyopigiliwa misumari michache huinuka ukingo, misumari ikachomoka mmoja baada ya mwingine. Njia ikipita chini chini juu ya ufuko wa Kibirizi, dagaa waliotandazwa kuanikwa watafagiwa na kurudi na mchanga, na mwewe wanaozunguka mwalo wa samaki ni hatari kwa mapanga. Tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, iyataje haya kwa majina ya mitaa. Ikinakiliwa kutoka mradi wa mji mwingine, mtaalamu anayeisoma ataona.

Kibali cha ujenzi ndipo kinapofuata. Paa la zege linalopitika kwa kawaida hubuniwa kwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Mwongozo wa ICAO unataka kutua kwa kishindo cha dharura kuhesabiwe kama mara 2.5 ya uzito wa juu wa ndege. Kwa H145 hiyo ni tani 9.5, tena zinashuka kwenye sehemu mbili nyembamba chini ya miguu. Hatari kubwa hapo ni slabu kutobolewa, zaidi ya kupinda, na ndiyo maana kuongeza zege juu ya slabu ya zamani hakusaidii: unaongeza uzito, nguzo na msingi vikiwa vilevile. Kwa jengo lililokwishajengwa, fremu ya chuma inayobeba jukwaa na kupeleka mzigo moja kwa moja kwenye nguzo ndiyo njia ninayoiamini, na udongo wa chini ya msingi upimwe upya.

Zimamoto nao wana uzito wao. Jedwali la ICAO lililotumika kwa miaka mingi kwa majukwaa ya juu ya majengo lilitaka jukwaa la helikopta yenye urefu usiofika mita 15 liwe na lita 2,500 za maji ya povu, zikitoka lita 250 kwa dakika. Hiyo ni nusu ya simtanki la lita 5,000, tani mbili na nusu, zaidi ya H125 yenyewe. Ukiliweka tangi juu, mhandisi auingize uzito wake kwenye hesabu. Ukiliweka chini, pampu iwe na jenereta yake, maana moto hausubiri umeme urudi.

Mengine ni madogo ila hukaguliwa: sakafu isizidi mteremko wa asilimia 2, wavu wa usalama wa upana wa mita 1.5 pembeni, usiopanda juu ya sakafu, unaohimili kilo 75 zikiangushwa kutoka mita 1. Taa za kijani ukingoni zisizoachana zaidi ya mita 3. Soksi ya upepo ya mita 1.2, uzito wa juu na D vimeandikwa. Mfereji wa maji naomba uangaliwe kwa macho mawili. Nyumba nyingi huvuna maji ya mvua kutoka paani. Mafuta yakimwagika juu, yasiingie kwenye tangi la kunywa wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Yawe na bomba lake hadi shimo la kutenganisha mafuta.

Mei 16, 1977, juu ya jengo la Pan Am mjini New York, mguu wa Sikorsky S-61 ulivunjika ndege ikiwa imesimama, mapanga yakiwa bado yanazunguka. Wanne walikufa paani, na wa tano alikuwa mpita njia barabarani chini, aliyeangukiwa na kipande cha panga. Ndiyo maana nashikilia kwamba hospitali ya mkoa ikihitaji helikopta, ipewe kwanza uwanja wa chini ndani ya eneo lake: gharama ni ndogo, gari la zimamoto linafika, na mgonjwa hategemei lifti.

Kituo kiwe cha chini au cha paani, kibali kisichochorwa kwenye ramani ya mji huisha siku jirani anapojenga ghorofa ya tano. Halmashauri ichore njia zote mbili kwenye mpango kabambe, iandike kimo cha juu cha jengo kwa kila kiwanja kilicho chini yake, na nakala ikae kwenye dawati la vibali vya ujenzi. Anayekuja kuomba kujenga, au kampuni ya simu inayokuja kuomba mnara, namba ya kiwanja chake iangaliwe hapo kabla risiti haijakatwa.