Nilivyopata lenzi ya potreti bila kuvunja kibubu

Mimi napiga picha za send-off, mahafali na wale wanaotaka tu picha kali ya profaili, bodi yangu ni Canon 700D na muda mrefu nilikuwa na ile lenzi ya zumu iliyokuja nayo, mm 18 mpaka 55. Sio mbovu kama watu wanavyoisema, ila ukizumu mpaka mwisho apacha (tundu la kupitisha mwanga) inagota f/5.6, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, sasa ukumbini usiku ISO (namba ya kamera kulazimisha mwanga) inapanda, ngozi inajaa chenga, halafu nyuma ya bibi harusi mtarajiwa kila kiti na kila kreti la soda linaonekana vizuriii.

Kila niliyemuuliza ananiambia chukua 85mm, ndo lenzi ya potreti, yaani picha za sura ya mtu. Sikatai, ila bodi yangu sio fulfremu (zile zenye sensa kubwa), sensa yake, kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo, inavuta mtu karibu zaidi, mm za lenzi unazidisha kwa 1.6, yaani 85 inakuwa kama 136 na 50 inakuwa kama 80. Nikachukua selotepu nikagandisha ringi ya zumu kwenye 50, wikiendi nzima napiga watu hivyo hivyo. Kachumba ninachokiita studio huku Mbagala, nikirudi nyuma mpaka mgongo unagusa mlango napata mtu kuanzia kiunoni, kwa 85 hapo ni kichwa na mabega basi, labda nikasimame barazani kwa jirani. Nikafungua na picha zangu za nyuma kwenye kompyuta, maana kila faili linaonyesha ulipiga kwa mm ngapi, nyingi zikawa 45 kwenda 55. Mjadala ukaishia hapo.

Za 50 nazo zipo aina aina. Canon f/1.8 II ya mwaka 1990 ni ya bei rahisi ila maunti yake (pale inapojifunga kwenye kamera) plastiki na bledi, vile vipande vya kufunga apacha, tano tu, taa za nyuma zinatoka na kona ukikaza apacha. Mrithi wake, 50 f/1.8 STM ya 2015, ina bledi saba, maunti ya chuma, inafokasi kitu cha karibu mpaka sentimita 35. Wenye Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake, angalieni sana, ile 50 f/1.8D haifokasi yenyewe kwenye bodi hizo kwa sababu hazina mota ya kufokasi ndani, tafuteni f/1.8G.

Nikaibukia Kariakoo, nikachukua STM yuzdi. Kuikagua ni tochi ya simu tu, mulika kutokea nyuma, ukiona kama utando wa buibui ndani hiyo ni fangasi, rudisha haraka, unyevu wetu wa pwani unailea. Vumbi kidogo usijali. Halafu ifunge kwenye kamera YAKO, weka 1.8, piga jicho la muuzaji mwenyewe, zumu kwenye skrini uzione kope.

Mwanga umeongezeka karibu mara kumi ukilinganisha na 5.6. Ila sikai 1.8 muda wote, mtu akigeuka kidogo jicho moja kali la pili limefifia, nakaa 2.2 au 2.8, nafokasi jicho la karibu, na mtu namtoa ukutani hatua kadhaa ndo blari inakuja ya maana. Usimsogelee sana hata kama lenzi inakubali, pua inakua na mteja atakulaumu wewe. Wakija shangazi wote kwa pamoja narudi 5.6 na flashi.

85 bado naitamani kwa kazi za nje kama Coco Beach, nafasi ipo, ila kwa sasa ile hela iliyobaki nimenunulia reflekta na mwavuli wa flashi.