Shikamoo ndani ya gereza la Uingereza

Alhamisi ya kwanza nilipoingia gerezani kama mtembeleaji wa kujitolea, nilikuwa nimejiandaa kuzungumza Kiingereza, kwa kuwa karatasi niliyopewa ilikuwa na jina la kwanza la mfungwa na namba yake tu. Kijana aliyeketi upande wa pili wa meza alinisikiliza kidogo, akaitambua lafudhi yangu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama." Nilimwitikia marahaba, naye akainamisha kichwa na kunyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alinieleza kwamba ilikuwa imepita miezi saba bila kuzungumza Kiswahili na mtu aliye mbele yake.

Magereza ya England na Wales yana utaratibu wa watembeleaji rasmi, yaani raia wa kawaida wanaokwenda, bila malipo, kumwona mfungwa ambaye hana ndugu wala rafiki wa kumtembelea. Mtembeleaji si wakili, si mchungaji wala si ofisa wa serikali, na huketi na mfungwa mahali ambapo askari magereza anaweza kuwaona lakini hasikii wanachozungumza. Kabla ya kupewa ruhusa nilichunguzwa kumbukumbu zangu za polisi, nikasubiri miezi kadhaa, kisha nikafundishwa taratibu: simu inabaki kabatini nje ya lango, maana kuiingiza ndani ni kosa la jinai, hupokei barua, hutoi zawadi, humwambii mfungwa unapoishi. Utamaduni huu ni wa zamani. Elizabeth Fry alianza kuwatembelea wanawake waliofungwa katika gereza la Newgate, London, mwaka 1813, na noti ya pauni 5 iliyotolewa mwaka 2002 ilimwonyesha akiwasomea wafungwa. Mshahara wangu wa kwanza hapa, wa kufagia ofisi usiku, nililipwa kwa noti hizo, na sikuwahi kujiuliza yule mama ni nani.

Takriban mfungwa 1 kati ya 8 katika England na Wales ni raia wa kigeni, na yapo magereza, kama vile Maidstone na Huntercombe, yaliyotengwa kwa ajili ya wanaume wa aina hiyo. Hao wana mzigo ambao Mwingereza aliyefungwa hana. Chini ya sheria ya mipaka ya mwaka 2007, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hukabiliwa na kufukuzwa nchini, isipokuwa awe miongoni mwa wachache ambao sheria imewaacha nje, na hata akimaliza kifungo chake anaweza kuendelea kushikiliwa huku idara ya uhamiaji ikishughulikia safari yake. Mfungwa mwingine huhesabu siku hadi tarehe moja iliyoandikwa, lakini kijana wangu alihesabu hadi tarehe ambayo huenda isimfungulie mlango wowote, na nadhani jambo hilo lilimchosha kuliko kufungwa kwenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho sikukifahamu kabla ya kuanza kazi hii. Mfungwa ambaye jamaa zake wako ng'ambo, na ambaye hakutembelewa na ndugu kwa mwezi mzima, anaweza kupewa simu ya bure ya dakika 5 kwa mwezi. Anayetaka zaidi hulipia kutoka katika ujira wa gerezani, ambao kwa wengi ni pauni chache tu kwa wiki. Msomaji aliyelelewa kwetu atafahamu dakika 5 ni nini unapompigia mama: hujambo, za nyumbani, baba anaendeleaje na mguu, shangazi amepona, mvua zimenyesha, na muda umekwisha kabla hujalifikia lililokufanya upige simu. Kwa kijana huyu salamu zilikuwa pia maficho, kwa sababu mama yake alikuwa akiamini kwamba mwanawe anafanya kazi mbali na mji na kwamba simu yake imeharibika.

Mwezi wa pili aliniomba nimpigie mama yake nimweleze ukweli kwa niaba yake. Nilikataa, na sikulala vizuri usiku ule. Nimekulia Tanga, mahali ambapo msafiri hukabidhiwa salamu na ujumbe hata na watu asiowajua, na kumnyima kijana wa nyumbani huduma hiyo kulinipa uchungu. Hata hivyo naamini kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa mtembeleaji akianza kubeba ujumbe leo, kesho atabanwa abebe usiofaa, na mlango utafungwa kwa wafungwa wote. Nilichoweza kufanya ni kurudi kila Alhamisi ya pili, saa ileile, na kumsikiliza akijaribu maneno ambayo angemwambia mama yake, akiyageuza, akiyafupisha, kwani yalipaswa kutosha ndani ya dakika zile.

Ilimchukua hadi mwezi wa tano. Alinisimulia kwamba aliruka salamu zote akasema, "Mama, niko gerezani," na kwamba mama alikaa kimya, kisha akamwuliza kama amepewa blanketi, kwa maana anasikia Ulaya kuna baridi sana. Simu ilikatika akiwa anamjibu. Mwezi uliofuata alianza na habari ya blanketi, na salamu zikafuata.