Koko alihesabu miaka yake kwa moto

Jamani habari za masiku. Hii ni wiki ya tatu tangu Koko, babu yangu, atuache. Nilikuwa kazi ya usiku hapa Liège, tunapanga makoli, yaani vifurushi, kwenye depo, simu ikatetemeka mfukoni mara tano sita nikajua tu, ju (kwa sababu) wakati huu wa joto saa za Goma, kwetu Kongo, na za Ubelgiji ziko sawasawa na hakuna mtu wa kwetu atapiga saa nane ya usiku eti anasalimia.

Kwenye karti yake waliandika kazaliwa tarehe 1 Januari 1940. Usiamini hiyo, ni tarehe ya wazee wote ambao hakuna aliyewaandika siku waliyozaliwa. Yeye alichojua ni kwamba mama yake alimzaa wakati moto wa volkano ya Nyamulagira unashuka mpaka unaingia ziwani kule Sake, na ule moto ulianza 1938 ukaenda mpaka 1940, sasa ukimuuliza miaka anakujibu "miye ni mutoto ya moto, uhesabu weye". Ndivyo alivyopanga maisha yake yote. Baba yangu alizaliwa "mbele ya moto ya 77", yaani kabla yake. Mimi niko wa "mbele ya moto ya 2002". Binti yangu kazaliwa huku, Koko akaniuliza kwa simu, sasa uyu tutamuhesabu na nini, uko hamuna hata kilima? Nikamwambia tutamhesabu na theluji. Akacheka mpaka akakohoa.

Kazi yake ilikuwa kuchonga chukudu. Kwa wale hamjafika Goma, ni kama baiskeli isiyo na pedali, yote mbao, usukani umepinda kama pembe za ng'ombe, magurudumu nayo mbao yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira unakikanyaga kwa mguu nyuma. Vijana wanashuka nazo toka Kibumba na makabichi, viazi, magunia ya makaa, mzigo unaoweza kuuvunja mgongo wa punda. Leo chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu pale mzunguko katikati ya mji, na Koko alikuwa anaipita anasema usukani wameuchonga vibaya.

Mnunuzi akija, kabla ya bei, Koko anamwambia piga goti. Mtu anapiga goti juu ya ubao, Koko anaweka kiganja pale goti limekaa, anachora na makaa, halafu anakata kandambili ya zamani kwa kipimo hichohicho na kuigonga misumari pembeni, si katikati, ili msumari usije ukamtoboa mtu baadaye. Ju dereva wa chukudu anasimama mguu mmoja na goti moja, siku nzima. Wachongaji wengine walikuwa wanaweka kipande chochote tu. Yeye alisema goti ya mutu haifanane na ya mwenzake.

Na alikopesha, ah, hapo ndipo koko mwanamke, bibi yangu, alipokuwa anagombana naye. Unachukua chukudu leo, unalipa kidogokidogo kila Jumamosi, na deni halikuandikwa kwenye daftari, alikuwa na nguzo ya mkaratusi nyuma ya nyumba anakata alama na kisu, kila mtu na upande wake.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, volkano ya Nyiragongo ikapasuka na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka koko mwanamke ameshika mashini yake ya kushonea mlangoni anasubiri chukudu, na Koko anatokea kwa jirani amembeba mama wa jirani, yule mwenye mguu uliokufa, anampakiza yeye. Mashini ikabaki chini. "Mashini haipumue," akasema, na tukaondoka hivyo mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, sisi kwa miguu, yule mama juu kama malkia, koko mwanamke nyuma yetu hasemi neno. Hakusema neno siku tatu. Baada ya hapo alisema miaka kumi.

Tuliporudi mawe bado yalikuwa ya moto chini ya viatu. Nyumba hakuna, nguzo ya madeni hakuna. Watu wakaanza kumfuata, waaminifu wanauliza muzee nilibakiza ngapi, na yeye jibu lake moja: "Moto ilisha kunilipa." Baba yangu alikasirika sana, tulikuwa tunalala chini ya bashi, yaani turubai. Mimi hadi leo sijui kama ilikuwa wema au uchovu. Na 2021, usiku ule wa Mei 22, moto ulipokwama karibu na uwanja wa ndege, alikataa kutoka kitandani, akasema huu wa nne sasa, tunajuana.

Kazini mwenzangu mmoja aliniuliza alikuwa na miaka mingapi, nikasema 85, pengine 87, akasema ah basi, kaishi vizuri, kama vile mambo yameisha. Walinipa siku moja. Kwetu mzee wa miaka hiyo ndio kilio kinajaa, ju kila mwaka aliokaa kuna mtu kamshika mkono. Kwenda sikuweza, kadi yangu ya kukaa iko kwenye kubadilishwa, uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu Januari 2025, na ukipitia Kigali bila kadi hutaweza kurudi huku.

Kwa hiyo nilizika kwa WhatsApp. Baba mdogo ameegemeza simu kwenye ndoo, naona viti vya plastiki na miguu ya watu, koneksyo inakata. Vijana aliowafundisha walitaka sanduku lipande chukudu, wazee wakakataa eti mchezo. Mimi ningekubali.

Halafu akaingia mzee mmoja mwembamba, simjui, akatoa bahasha. Dola ishirini, anasema, zilibaki za chukudu ya 2001. Shangazi akabaki anaangalia huku na huku, atapokea au atakataa. Koko mwanamke akanyoosha mkono toka kwenye mkeka, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Leta," akasema. "Hii ni ya mashini yangu."