Nazi Tatu za Asubuhi

"Baba, nani alikufundisha kukuna nazi?"

Binti yangu aliniuliza jana, nimekalia mbuzi ya kukunia, sinia chini ya meno yake. Nikamjibu: mama jirani, tulipokuwa Timboni. Akaridhika, akarudi kuchezea vifuu. Mimi mawazo yakarudi huko Watamu, pwani ya Kenya.

Mwaka 2020, tarehe 25 Machi, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa ajili ya korona, ingawa mji ulikuwa umeshapoa. Waitaliano wetu walikuwa wameondoka, na habari za kwao zilikuwa za majeneza. Hotelini nilikokuwa nikihudumu mezani tukapewa likizo bila malipo. Hoteli kufungwa wakati wa kusi tumezoea: unakula akiba, unangoja Julai. Safari hii hakuna aliyejua tunangoja nini. Mke wangu na mtoto nikawapeleka Ganze kwa wazee, nikabaki na kodi ya chumba.

Sikuwa na homa. Nililala tu, uso ukutani. Simu nilizima kwa ajili ya wanaonidai, mwisho hata wanaonipenda hawakunipata. Kwetu mtu wa hivyo husemwa ana mawazo, basi, yakaishia hapo.

Siku ya nne nikasikia hodi. Ya pili. Ya tatu.

"Mwanangu, najua umo. Mkono umeniteguka na mbaazi zishaiva. Njoo unikunie nazi."

Nilitoka na shati la juzi. Mama huyo alikuwa akituuzia mahamri, sisi wa mahoteli, kwa hiyo naye wateja walikuwa wamemkauka. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha mbuzi, akanipa kipande. "Zungusha kifuu, usisukume. Na usifike kwenye gome, utanitilia tui weusi." Nikazungusha. Chembe za nazi zikaanza kudondoka nyeupe, nyembamba, maji ya nazi yakinitiririka hadi kiwikoni, harufu yake ikanijaa puani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikahisi njaa. Nilikuna nazi tatu. Nilipoinua kichwa nikamwona anakamua kifumbu kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote.

Sikusema neno. Naye hakusema. Akanipakulia mbaazi.

Nikawa naenda kila asubuhi, kafyu ikiisha. Chama chao cha akina mama kiliacha kuchanga pesa kikachanga unga, kibaba kwa kibaba, kikapitisha nyumba kwa nyumba. Agosti mosi ndege zikarudi. Mimi niliitwa kazini Novemba.

Mwenzangu mmoja wa bwawa la kuogelea, mtu wa bara, alipanga chumba cha mwisho katika ua uleule. Sote tulidhani amesafiri kwao. Alikuwamo ndani wiki nyingi, peke yake. Alipotoka mwili ulikuwa umemwisha, akaacha kazi, na hadi leo simu zetu hapokei.

Kila asubuhi nikienda kukuna nazi nilipita mlangoni pake. Ulikuwa umefungwa, lakini nje hapakuwa na kufuli.