Mawe ya urembo kwenye matuta ya maua ya Pwani: ninavyofanya

Kwa jua la Dar es Salaam la Januari na Februari, jiwe jeusi huunguza mkono, na jioni linaendelea kutoa joto kwenye shina. Mawe ya rangi iliyokoza nayaweka kwenye kaktasi, mishubiri na adeniamu tu. Maua mengine nayapa mawe ya mto au kokoto za kijivu hafifu, za milimita 20 hivi.

Meupe yanapendeza sana, ila mengi ni marumaru au matumbawe, yaani chokaa. Nakwangua jiwe mpaka litoe unga, kisha naudondoshea siki. Ukitoa povu, jiwe hilo haliendi kwenye iksora wala gadenia: chokaa hupunguza asidi ya udongo, mizizi inashindwa kupata madini ya chuma, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mawe ya ufukweni siyatumii kabisa, yana chumvi.

Kabla ya mawe, ndago. Natifua sentimita 20, naokota vinundu vyote, namwagilia, nasubiri wiki mbili, natifua tena. Ndago hutoboa hata kitambaa cha kuzuia magugu, kwa hiyo hatua hii hairukwi. Mboji nayo nachanganya sasa hivi, maana baadaye ni kazi kweli.

Kitambaa kiwe cha kufumwa, kinachopitisha maji. Vipande vipandane sentimita 15. Nailoni ni adui: mvua ya masika hutiririka juu yake na mizizi hukosa hewa.

Mawe nayaosha mpaka maji yatoke safi, la sivyo vumbi lake huziba kitambaa. Unene ni sentimita 5. Tuta la mita 3 kwa 1 linakula ndoo saba na nusu za lita 20. Kuzunguka kila shina naacha sentimita 10 wazi, na ukingo wa matofali unazidi mawe kidogo ili mvua isiyasombe.

Chini ya mkrismasi usiweke. Vijani vyake vidogo huingia katikati ya mawe, vinaoza, na magugu yanaota juu ya kitambaa, ambako hakiwezi kuyazuia. Penginepo nafagia kila wiki kwa ufagio wa chelewa.

Namwagilia asubuhi, baada ya kusogeza mawe na kuchomeka kidole: mawe hukauka juu mapema, udongo chini bado una unyevu.