Risiti za mama pale Mombasa Road

Juzi tulikwama kwa jam pale Bellevue, kitinda mimba wangu akaangalia juu kwa dirisha la matatu akaona magari yanateleza tu huko Expressway, ile barabara ya kulipia ya Nairobi iliyojengwa juu ya nguzo, akaniuliza, "Dadi, mbona wale hawakwami?" Nikamwambia wanalipia. Akaridhika, lakini mi roho ilikua imeshaenda mbali, manake nguzo tuliyokua tumesimama kando yake iko karibu kabisa na pale mama alikua anauzia miche.

Mnaonijua mnajua kile kitalu ndicho kilitusomesha. Parachichi za kupandikiza, kayaba za ua, vyungu.

Mwisho wa 2020 wakaja watu wa kupima njia ya hiyo Expressway. Kijana mmoja wa reflekta akamwambia mama ahame. Mama hakubishana, aliingia kwa kibanda akatoka na mkebe wa Kimbo, akakalia ndoo aliyoipindua akaanza kutoa risiti, zile ndogo za kila siku za kanjo, yaani watu wa jiji wa kukusanya ushuru, amezifunga na rababendi mwaka kwa mwaka, zingine zilinyeshewa zikakauka zikakakamaa, maandishi yamefutika yote umebaki muhuri tu. Akazipanga juu ya gunia la mbolea. Yule kijana, na lazima niseme alikua na heshima, akachuchumaa akazisoma pole pole, zingine anageuza aone nyuma, alafu akazifunga tena vile alizikuta.

"Mama, hii ni ardhi ya barabara. Fidia ni ya mwenye hati."

"Sasa kijana wangu, hizi nilikua nalipishwa za nini?"

Akasema hao ni watu wengine, yeye si wa huko. Mama akarudisha risiti kwa mkebe akafunika, akamuuliza kama amekunywa chai.

Mwezi huo wa Novemba redio ikatangaza kumetoka amri ule mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands usikatwe, mti wa zaidi ya miaka 100, barabara itaukwepa. Mama alifurahi kabisa, akasema mti kama huo ukishakatwa basi. Mi nilikasirika hadi nikatoka nje.

Yaliyofuata yalienda mbio. Tukakodi lori la kanta usiku tukapeleka miche Kitengela, mingi ikakauka, mama akahamia huko huko, na Julai 2022 barabara ikafunguliwa rasmi.

Hesabu yake nilikuja kuielewa baadaye. Pesa ya kujenga ilitoka kwa kampuni ya China, si kwa bajeti yetu, na kampuni inakusanya ada ya barabara miaka 27 irudishe pesa yake ndio iachie serikali. Deni ni la dola. Ndio maana shilingi ilipoporomoka, kufika Januari 2024 gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands likatoka 360 likaenda 500, na hakuna aliyeongeza hata mita moja ya lami. Aliyekopesha mkataba unamlinda, dola ikipanda anafidiwa. Mama naye alilipa kila siku, mvua jua, biashara iwe imetoka ama haijatoka, na kwa hizo karatasi za mradi hakuna mahali ameandikwa. Boda na mikokoteni haziruhusiwi huko juu, kwa hivo watu wa kazi kama yake wamebaki wanabanana chini ya zege.

Sasa shida ni kwamba mama hataki kunisikia nikisema hivi. Anasema jam ya Mombasa Road ilikua imezidi, watu wanakosa ndege, wagonjwa wanachelewa, na barabara lazima ingepita kwa mtu. Mi namwambia sawa ingepita, lakini na yeye angehesabiwa. Ananijibu kwani angehesabiwa na nani, na hapo huwa sina jibu la kumpa, lakini kukubali pia nimekataa.